Chumvi Ilivyomkausha Atupele

Nilitoka Mbeya Jumanne asubuhi kwa sababu mama mkwe alinipigia simu akasema mwanangu analia bila machozi. Kulia analia, machozi ndiyo hayatoki. Atupele alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Siku tisa kabla ya hapo nilikuwa nimempeleka Igowole kwa bibi yake aachishwe ziwa. Ndivyo wanavyofanya ukweni kwangu: mtoto anapelekwa akasahau ziwa kwa bibi, mama anabaki na maziwa yanayochuruzika. Sikupenda, ila nilikubali, na hasira zangu zinaanzia hapo.

Basi lilipopita Igawa blauzi ilikuwa imeshalowa maziwa. Mama niliyekaa naye kiti kimoja akaninong'oneza, "Dada, mtoto umemwacha wapi?" Nikageukia dirishani.

Saa saba mchana nilishuka Nyololo, nikachukua bodaboda. Huko ni baridi, ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, na manyunyu yalinipiga usoni njia nzima.

Igowole nilimkuta mama mkwe mlangoni, Atu mgongoni.

"Kamwene, Mama Atu."

Sikuitikia salamu yake. Nilimpokonya mtoto. Ngozi ya tumbo ilikuwa kama unga uliokandwa, ulimi mkavu, na kila akiona kikombe anakirukia kwa mikono miwili.

"Ameharisha siku mbili tu," mama mkwe akasema. "Na dawa nampa, zile pakiti za chumvi na sukari. Leo kamaliza ya tatu."

"Unachanganya na maji kiasi gani?"

Akanionyesha kikombe cha chai. Pakiti moja, kikombe kimoja.

"Mama! Pakiti moja ni ya lita nzima!"

"Lita nzima iingie wapi kwenye katumbo haka? Dawa ukiizimua inabaki maji tu. Mimi nimelea saba, hakuna aliyekufa kwa dawa kali."

Nikamwita mchawi. Ndiyo, nilimwita hivyo, majirani wakisikia. Nikakimbia na mtoto kituo cha afya, na pale kwenye benchi Atu akakakamaa, macho yakageuka. Alipotulia tukapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda Iringa.

Iringa, hospitali, nilianza ugomvi mwingine. Mtoto ana kiu mpaka analamba shuka, na nesi anaacha dripu ishuke tone moja moja.

"Ongeza maji! Humwoni anavyokauka?"

"Dada, kaa chini nikueleze. Ulisoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Basi osmosisi unaijua. Chumvi imejaa kwenye damu, imeyavuta maji kutoka ndani ya seli, seli zimesinyaa. Za ubongo pia. Nikiyarudisha kwa pupa, yataingia kwa kishindo, seli zitavimba. Na ndani ya fuvu pa kuvimbia hakuna. Nitamuua mtoto."

Nilikaa. Siku mbili nilitazama yale matone. Wifi yangu anakaa Mlandege, hapo hapo Iringa, alileta uji asubuhi na jioni. "Kunywa bwana, usije ukaanguka na wewe tukapata wagonjwa wawili," alinifokea, nami nilikunywa bila kusikia ladha. Siku ya tatu Atu alilia, na machozi yakatoka. Siku ya tano nilimpa kijiko akakishika kwa kushoto. Nikakihamishia kulia, kikaanguka. Daktari alisema mkono huo unaweza kurudi, unaweza usirudi, tusubiri.

Tuliporuhusiwa, njiani kurudi Mbeya na Atu nilishuka tena Nyololo, nikaenda Igowole kuchukua nguo za mtoto. Uongo. Nilikwenda kumwonyesha yule mama alichofanya. Nikakata vipande viwili vya kiazi mviringo, kimoja nikakitia kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi. Tukakaa jikoni tukisubiri, kila mtu na upande wake. Baada ya kama saa mbili nikavitoa. Kile cha maji matupu kilikuwa kigumu, kinakatika kwa mlio. Cha chumvi kilikunjika kama kipande cha ngozi.

"Kiazi kina ukuta kwenye seli zake," nikamwambia. "Kikinywa maji sana kinakuwa kigumu tu. Mtu hana ukuta huo. Yakizidi seli zake zinapasuka, yakipungua zinasinyaa, hata za ubongo."

Alikikunja kile kipande, akakikunjua, akakikunja tena.

"Na kichwa cha mtoto kilikuwa hivi?"

"Ndiyo, Mama."

Akakiweka kipande chini. "Haya uliyajua lini?"

"Kidato cha pili."

"Na pakiti nani alizitia kwenye begi la mtoto? Si wewe? Uliniambia, 'Mama, akiharisha mpe.' Ukapanda gari. Maandishi yale madogo mimi siyaoni, unajua. Habari ya lita mbona hukuisema?"

Nikaokota nguo za mtoto, nikazikunja, nikakosea, nikazikunja tena.

Mtaani kwangu Mbeya wananiuliza safari ile imenifundisha nini. Hakuna kitu. Mambo yote yale nilikuwa nayajua, nilishayaandika kwenye mtihani nikapewa vema. Mtu mmoja tu ndiye aliyepaswa kuyasikia kutoka kwangu, na nilimwachia begi.