Picha ya Kumfaa Immakulata

Mimi Mwajabu sina subira na mtu anayekuja saluni na nywele za mwingine mkononi. Pale Kasulu, miaka ile ya tisini, kila bi harusi alinijia na ukurasa wa gazeti au kalenda ya mafuta ya nywele, ati nimfananishe na huyo. Nikawa nawaambia, dada yangu, hata huyu wa kwenye kalenda nywele si zake.

Immakulata, mwalimu wa chekechea kutoka Busunzu, alikuja na picha kibao, zote nywele za kumwagika mabegani. Jumamosi alikuwa anaolewa na Tharsisi, dereva wa lori. Nikamwambia avue kitambaa. Akakishika kwa mikono miwili. Nikamuuliza, umekuja kusukwa au kunisalimia? Ndipo akakivua.

Nikazigusa nywele zake kwa ncha za vidole. Zilikuwa nyepesi kama za mtoto mchanga, na pembeni hamna kitu. Akasema homa ilimlaza kitandani, na alipoinuka nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Miaka ile mwanamke akikonda kidogo na nywele zikinyonyoka, watu hawakuuliza, walisema amekanyaga miwaya, yaani ana ukimwi. Dada yake walimsema hivyo hivyo, na kweli wakamzika. Akaniomba nimtie dawa ya nywele, nimshonee za bandia, nifanye lolote, mradi mama mkwe asikione kichwa kile. Akikiona, harusi haipo.

Nilimwogopea. Dawa ingemchuna ngozi, na za bandia ningezishonea kwenye nini? Nikapekua picha za wateja wangu, nikamtolea ya Safina wa dukani, aliyekata fupi kabisa nywele zilipomnyonyoka baada ya kujifungua, na akapendeza. Nikamwambia achana na za kalenda, hii ndiyo picha yako, nywele zenu ni zile zile. Akaitazama, akaanza kulia. Wazazi wake walitoka Burundi, na kwao, kama kwa wakwe zake, kichwa kilichonyolewa ni cha mfiwa. Bi harusi akiingia hivyo, wakwe wataona amewaletea kifo ndani. Mimi mtu wa Ujiji hilo halikunijia hata kidogo. Niliona aibu, nikairudisha picha kwenye droo.

Tukiwa bado tunashauriana, mama mkwe huyo mlangoni. Alikuwa mjini kununua vitenge, akaambiwa mkwewe yuko kwangu. Immakulata akakirukia kitambaa, kikamponyoka kikaanguka chini. Yule mama alikitazama kichwa kile, akamuuliza polepole alikuwa anaumwa nini.

"Homa, mama. Ila sijui ni homa gani. Naogopa kupima."

Nikangoja matusi. Nilijua wakwe wa huku wakichukia, mahari inadaiwa siku hiyo hiyo. Lakini yule mama aliurudishia mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja, na vitenge vyake vipya akaviacha vianguke sakafuni bila kuviangalia.

"Nywele ziache, mwanangu," akasema. "Tharsisi wangu kila usiku analowesha shuka kwa jasho. Nilikuwa naiharakisha hii harusi apate wa kumuuguza."