Mteremko wa Kwao

Dereva wa pikipiki wa mtaa wetu, hapa Kabambare, huzima moteri kwenye kila mteremko ili kuokoa mafuta. Kidole gumba hutangulia kwenye kitufe, kisha abiria husikia upepo na mnyororo tu. "Mulima iko inatushusha bure," husema polepole, "juu ya nini tuunguze esansi?" Siku ugonjwa ulipomzidi mama yake, alikwenda Salamabila kutafuta dawa, tukabaki na mgonjwa.

"Munasikia piki ya mutoto wangu?"

"Bado, mama."

Akafumba macho, hakuyafumbua tena. Hatujamfunika, mwanawe akasimama mlangoni na dawa mkononi. Alikuwa ameteremka kimya, kama kawaida yake. Tukamwambia alichouliza mama. Siku hizi bado huzima kwenye kila mteremko, isipokuwa ule wa kwao. Pale huiacha moteri ingurume mpaka mlangoni, kwenye nyumba isiyo na mtu.