Jogoo wa Zuhura Amefika Magoma

Leo nimemdanganya Zuhura, na mimi ni mwandishi wa habari.

Mnajua tulivyoahidiana: kila mmoja atunge wimbo, aurekodi nyumbani, auweke hapa kwenye ukurasa wetu kila Ijumaa. Mimi Korogwe, yeye Kwedizinga. Hii ni wiki ya kumi na mbili.

Mimi huziba madirisha kwa magodoro, na jogoo akiwika naanza upya. Yeye hurekodi uani kwa simu. Jogoo wake akiwika, humwacha awike.

Asubuhi nilikuwa Magoma kufuata habari ya mavuno. Kina mama walikuwa wanapukuchua mahindi huku wakiimba.

Wimbo wa Zuhura.

Walipofika pale jogoo anapowika, mama mmoja akawika. Mahali penyewe hasa.

Nikauliza kama mtu asiyejua: "Huu wa nani?"

"Wa Zuhura! Si wewe ndiye mwenzake wa Ijumaa?"

"Ndimi. Na zangu mnazisikia?"

"Tunazisikia, baba. Nzuri. Ila zako mpaka mtu aache kazi, akae."

Wakacheka. Kinasa sauti changu kilikuwa kimewaka muda wote.

Mchana Zuhura akapiga, habari zimeshamfikia. "Kaka, nasikia umewarekodi. Nitumie basi!"

Nikamwambia sauti haikutoka vizuri.

Imetoka vizuri kuliko chochote nilichorekodi kwa wiki kumi na mbili. Nimeisikiliza mara nne.

Zuhura, samahani. Naiweka hapa chini, pamoja na wimbo wangu wa wiki hii.

Ninyi wengine, anzeni na wangu.