Shemeji Tesita na Waya wa Simu

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, tunamwita Tesita kwa sababu ile bisibisi ya kupimia umeme haimtoki mfuko wa shati. Hata msibani huchomoza pale kama kalamu ya karani. Miaka thelathini alivuta nyaya za simu. Akitaka kujua kama laini iko hai, aliugusisha waya ulimini, akakunja uso, akasema, "Inaongea." Watu walimshangaa. Mtu anayelamba nyaya, mimi nilimtilia shaka tangu wiki ya harusi yangu.

Si mtu mbaya. Anafua nguo zake mwenyewe, na mume wangu alipougua ni yeye aliyemvutia simu ya pili chumba cha nyuma, azungumze akiwa kitandani. Ila haamini kwamba duniani kuna fundi mwingine.

Mjukuu wangu alipojifungua tukampa chumba kile. Soketi haikuwamo.

"Niachie mimi, shemeji," akasema Tesita.

Nikaenda kununua sabuni. Kurudi, soketi ipo ukutani, nyeupe, imenyooka.

"Ukuta umetoboa saa ngapi?"

"Nitoboe ya nini? Nina njia zangu."

"Na waya?"

"Ulikuwepo."

Akaanza kupiga mluzi. Mwanamume akijibu swali kwa mluzi, ujue kuna jambo.

Mimi kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, lakini viganja ninavyo. Mjukuu alipochomeka pasi anyooshe nguo za mtoto, nikaweka kiganja juu ya soketi. Ukuta wa moto! Na ukuta ule jua haulijui. Kitanda cha kichanga kimeegemea papo hapo. Nikakisogeza mlangoni. Baada ya chakula nikakikuta kimerudi.

"Nimekirudisha mimi," akasema Tesita. "Mtoto asipigwe na upepo."

"Ukuta una joto."

"Umeme ukipita waya hupata joto, shemeji. Hata wewe ukipita jikoni unatoka jasho."

Mjukuu akacheka. "Bibi, babu kafanya kazi hii miaka thelathini."

"Kazi ya simu. Simu hainyooshi nguo."

Nikazunguka nyumba polepole, kama natafuta sindano. Sebuleni, pale ilipokuwa simu ya mezani kabla haijakatwa, palikuwa na waya wa kijivu, mwembamba, uliokwenda mpaka chumba cha nyuma. Miaka yote umening'inia, nikiupangusa vumbi. Sasa haupo, na tundu ulimopitia limezibwa kwa saruji mbichi.

Sikubishana tena. Nikazima swichi kubwa, nikaweka kiti chini yake, nikakaa.

"Haiwashwi mpaka uifungue soketi ile mbele yangu."

"Friji litayeyuka!"

"Liyeyuke."

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Makalio ninayo, na kiti ni changu."

Akazunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akaniambia namwaibisha mbele ya mjukuu. Nikamwambia aibu haiunguzi godoro. Mwisho akachomoa bisibisi yake. Nikatoa fyuzi, nikaifunga kwenye pindo la khanga, ndipo nikamfuata.

Soketi ikafunguka, harufu ikatutangulia puani. Ndani ulikuwa ule ule waya wa simu, wa kupitisha sauti za watu, umetwishwa pasi. Ganda lake limeyeyuka kama mshumaa, na ubao ulio nyuma yake umekuwa mkaa upana wa kiganja. Mjukuu akamnyanyua mtoto.

Tesita akaushika ule waya, na mkono kwa mazoea ukampanda mdomoni. Ukaishia kidevuni.

"Shemeji," akasema, "umezima kweli?"

Miaka yote hiyo, sijawahi kumsikia akimuuliza mtu. Nikafungua pindo, nikamwonyesha fyuzi.

Kesho yake alikuja fundi wa umeme na waya mnene. Tesita alimshikia ngazi, hakupiga mluzi. Nami kila pasi ikichomekwa bado napita kugusa ukuta, hata baada ya kazi ya fundi huyo.