Mashine ya Mkono Mmoja

Mume wangu alipopigwa na tension, ile presha ya damu, mkono wake wa kushoto ulikataa kazi na haukurudi tena. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi, hata ubishi wake ulirudi wote, ila mkono ukabaki kuning'inia. Daktari alisema tushukuru. Nilishukuru, mimi ni mtoto wa Waislamu waliotoka upande wa Kasongo, kushukuru nimefundishwa tangu utoto. Lakini yeye alichukua kiti cha plastiki, akakiweka uani kwetu Kikula, hapa Likasi, akakielekeza ukutani, akakaa. Asubuhi nikienda sokoni kuuza vitenge nilimwacha hapo, jioni nikirudi nilimkuta hapo. Kuku walipita chini ya miguu yake hata hakuwafukuza.

Alikuwa mvuvi. Zamani aliendesha malori ya mawe ya shaba, alipochoka na vumbi akanunua boti na kuhamia ziwani, kule Lufira. Si mtumbwi wa mbao. Sisi watu wa Likasi ni watu wa chuma, hata boti yetu ilichomelewa kwa mabati mazito na fundi mmoja wa Shituru. Fundi huyo aliogopa mawimbi, akaiinua sana nyuma. Hapo ilifungwa mashine kubwa ya kuvukia ziwa.

Uvuvi wenyewe ulikuwa hivi. Akifika penye kambale wakubwa, anazima ile mashine, anatupa kamba ndefu yenye ndoano na kipande cha kijiko kinachong'aa (vijiko vya jikoni kwangu, ndiyo, niliacha hata kuuliza vinakokwenda), halafu anapiga kasia taratibu huku kamba inakokotwa nyuma. Kambale ni mvivu, hafukuzi kitu kinachokimbia. Mashine kubwa ukiipunguza mwendo inakohoa na kuzima. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya kasia, na kasia linataka mikono miwili. Kamba aliizungusha kwenye kidole kikubwa cha mguu, samaki akivuta anaachia kasia na kumshika.

Majirani walinishauri nimtafutie mwenzake wa kupiga kasia. "Kidole kimoja hakivunji chawa," walisema. Nikampelekea neno hilo palepale kwenye kiti chake.

"Minye niko na vidole tano bado," akajibu bila kugeuka. "Muntu hatanibeba mu bwato yangu sawa muzigo."

Kubebwa ndani ya boti yake kama mzigo: jibu hilo aliwapa hata wavuvi wenzake waliokuja kumwona, na lilinichoma, nakwambia kweli. Nilisimama na sufuria mkononi nikaona kabisa kwamba huyu mtu, nikimwacha kwenye kiti kile, mvua zijazo hatazimaliza. Si ugonjwa utakaomuua, ni ukuta ule anaoutazama. Basi nikaamua. Nitatafuta mashine ya pili, ndogo, ya kukokotea kamba tu, ambayo mtu mwenye mkono mmoja anaweza kuiwasha, kuiongoza na kuizima. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kutia mguu ndani ya boti. Sijui kuogelea na maji yanayozidi magoti yananitia kizunguzungu. Lakini kuchagua kitu sokoni, hapo usinifundishe.

Tatizo ni kwamba Likasi kila mwanaume anajua mashine na hakuna anayejua maji. Shemeji yangu mkubwa, kaka yake mume wangu, alifika akiwa ameshaamua.

"Nunua yenye nguvu, mama. Nguvu haikatale kazi."

"Shemeji, natafuta ya kwenda polepole."

"Yenye nguvu itaenda polepole kama unaiambia."

Nikamuuliza kama na yeye huwa anaambiwa polepole na anasikia. Alicheka, akala ugali wangu, akaenda zake. Mwingine alitaka kunifungia pampu ya kuvuta maji ya wachimbaji wa Kambove. Mwingine akataka kunikatia mashine ya kinu cha mahindi. Kijana mmoja alinionyesha ya umeme, ya betri, isiyopiga kelele hata kidogo. Hiyo niliipenda kwa roho yote. Nikaishika, nikaigeuza, halafu nikakumbuka kwamba umeme wa Kikula unakuja ukitaka na kuondoka bila kuaga. Nikaiweka chini.

Mwishowe niliingia kwa muuzaji mmoja mwenye duka la mashine karibu na soko. Alikuwa na nne ndogo za mafuta, zimefungwa kwenye ubao mmoja, kila moja na mkono wake wa kuongozea. Akaanza kunisomea nguvu zake. Nikamwambia anyamaze kidogo, anipe kigoda. Nikavua kilemba changu, nikamwomba binti aliyekuwa anauza sabuni pembeni anifunge mkono wa kushoto mgongoni, afunge vizuri, si kwa huruma.

"Mama, unafanya nini?" muuzaji akauliza.

"Nanunua mashine."

Nikakaa kwenye kigoda kama mtu aliyekaa ndani ya boti, nikavuta kamba ya kuwashia ya mashine ya kwanza kwa mkono wa kulia. Iling'ang'ana, ikanivuta mimi badala ya mimi kuivuta, nusura nianguke. Watu wakaanza kukusanyika mlangoni. Ya pili iliwaka, lakini kifungo cha kuizimia kilikuwa upande wa kushoto, nikabaki nakitafuta huku mashine inanguruma. Ya tatu ilikuwa imetumika sana, kamba yake ngumu. Ya nne ilikuwa ndogo kuliko zote, nguvu mbili tu za farasi, na tanki lake la mafuta juu ya kichwa chake. Nilivuta mara moja ikaitika. Nikaipunguza mpaka chini kabisa, na haikukohoa. Ilibaki inanong'ona tu.

Mzee mmoja mlangoni akasema, "Huyu mama iko na kichwa nguvu." Nikamjibu kwamba ndiyo, na kingine ninacho nyumbani, ndiyo maana nimekuja.

Sasa, sisi wa mjini tuna desturi yetu. Mashine ya maji haifungwi kwenye boti kabla ya kujaribiwa uani. Tukaweka pipa, tukalijaza maji mpaka ukingoni, tukaifunga mashine kwenye mdomo wa pipa. Mtaa mzima ulikuja. Mume wangu alikuwa bado ameelekea ukuta wake. Nikavuta kamba, maji yakachemka, yakawalowesha watu wa mbele, wakacheka. Ndipo nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Alikuwa amesimama. Alikuja anaburuta mguu kidogo, akaizima mwenyewe, akaitazama, akavuta kamba kwa mkono wake wa kulia. Ikaitika. Akaizima tena, akaiwasha tena. Mimi nimekaa naye miaka, najua uso wake ukifunguka. Usiku ule alikula mara mbili.

Tulikodi gari tukaenda ziwani. Wavuvi wenzake walitusaidia kuifunga ile ndogo pembeni ya ile kubwa, na mimi nikabaki ukingoni na viatu vyangu. Akasukumwa, akavuta kamba. Mashine ikapiga ukelele kama nguruwe anayechinjwa, povu likaruka, boti ikakaa palepale. Akajaribu tena, ukelele uleule. Ile nyuma ndefu ya fundi wetu wa Shituru iliiweka mashine juu mno. Ule mguu wake wa chuma unaoshuka majini ulikuwa mfupi, na elisi, lile panga dogo la kusukumia, lilikuwa linakata hewa.

"Turudi," akasema. Kufika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kiti.

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Mimi ninayeuza vitenge, ninayewapima wanawake kwa macho tangu mlangoni, nilinunua suruali bila kupima mguu. Kwenye pipa mashine ilicheka kwa sababu tulijaza maji mpaka pale ilipotaka. Ziwa halimjazii mtu. Shemeji alikuja akasema alinionya, kwamba yenye nguvu isingeshindwa. Nikamwambia kwamba nguvu inayokata hewa ni nguvu ya mdomo, na kama anataka chai, ipo.

Kesho yake nilirudi ziwani peke yangu na kipande cha kitenge. Nilipima nyuma ya boti kutoka juu mpaka chini kabisa, nikafunga fundo pale ilipoishia, na fundo jingine chini zaidi pale ambapo panga lilipaswa kuzunguka. Nikakipeleka kile kitenge kwa muuzaji.

"Mashine ileile, dada yake mwenye miguu mirefu," nikamwambia. "Mguu ufike kwenye fundo la pili."

"Hiyo sina, mama. Labda Lubumbashi."

"Basi iko Lubumbashi. Iite."

Alisema itachelewa. Nikamwambia nitakuja kila siku kumsalimia mpaka ifike. Na nilikuja kweli. Kila jioni nilipofunga meza yangu ya vitenge nilipita dukani, nikauliza hali ya mkewe, hali ya watoto, halafu hali ya mashine yangu. Nadhani aliiharakisha ili apumzike na salamu zangu. Ilipofika, tulishusha kitenge kando yake, na panga likakaa sawasawa kwenye fundo. Ile fupi ya kwanza ikarudi kwenye ubao wake.

Mume wangu hakutaka kwenda. "Imetosha, mama. Imetosha." Nilimwambia mimi nimeshalipa gari, kwa hiyo ama apande ama nimpandishe na kiti chake. Akapanda.

Safari hii mashine ilizama vizuri. Aliivuta mara moja, ikanong'ona, na boti ikaanza kwenda taratibu, polepole kabisa, kama mtu anayetembea baada ya kula. Aliachia kamba na kijiko, akaizungusha kwenye kidole cha mguu kama zamani. Aliongoza kwa mkono wa kulia, mgongo umenyooka. Mimi ukingoni nililia. Sioni aibu kusema. Nilisema alhamdulillahi, nikapangusa macho kwa kilemba kilekile kilichofunga mkono wangu dukani.

Halafu samaki akavuta.

Nilimwona akiinama kuishika kamba, na alipoishika alikuwa ameachia mashine. Hana mkono mwingine. Mashine ikajigeuza yenyewe, boti ikaanza kuzunguka, kamba ikaingia chini yake. Akaachia kamba ashike mashine, akaachia mashine ashike kamba. Mwishowe kamba ikajisokota kwenye panga na mashine ikazima. Kukawa kimya ziwa zima. Nilimwona akiinyanyua mashine, akiikata ile kamba kwa kisu, bila haraka, na samaki akaenda na kijiko changu.

Alirudi ukingoni. Hakushuka. Alikaa ndani ya boti akitazama sakafu yake ya bati.

"Mashine iko muzuri," akasema. "Ulichagua muzuri. Ni minye njo napunguka."

Hapo nikaona kosa langu lote. Nilifunga mkono wangu, nikapima mashine kwa mkono mmoja, nikapima mguu wake, nikapima nyuma ya boti. Kamba sikuipima. Mkono mmoja unatosha mashine au unatosha samaki, hautoshi vyote viwili. Na mtu wa kumbeba alishamkataa. Kesho angerudi kwenye ukuta, na safari hii nisingekuwa na duka la kwenda.

Nikavua viatu. Nikainua kitenge, nikakifunga magotini. Maji yalikuwa baridi, na hata kabla hayajafika magotini kichwa kikaanza kuzunguka.

"Unaenda wapi?" akauliza.

"Sogea mbele."

"Weye unaogopa mayi."

"Naogopa. Sogea."

Nilipanda vibaya, kwa tumbo, kama gunia la muhogo, na wavuvi wawili ukingoni wakageuza nyuso wasinione. Nikakaa penye mashine. Nikaivuta kama nilivyoivuta dukani, ikaitika. Kwa mkono wa kulia nikaushika usukani, kwa wa kushoto nikaung'ang'ania ukingo wa boti mpaka vidole vikauma. Yeye mbele yangu alifunga kijiko kingine, akaachia kamba.

"Polepole," akasema. "Polepole tena. Njo vile. Angalia ule mulima, usiangalie mayi."

Nikautazama mlima. Tulikwenda hivyo muda mrefu. Samaki alipovuta, alivuta kwa nguvu, boti ikayumba, na mimi nikapiga kelele, lakini sikuachia. Nilishikilia boti iende sawa na mlima. Yeye alivuta kamba kwa mkono wake, akaikanyaga kwa mguu, akavuta tena, akaikanyaga tena, jasho likimtoka mgongoni, mpaka kichwa kipana cha kambale kikatokea kando ya bati. Alimwingiza ndani mwenyewe. Samaki alipiga sakafu karibu na miguu yangu nikaiinua yote miwili.

Tuliporudi, wale wavuvi walikuja kutushika boti. Mmoja wao, rafiki yake wa zamani mwenye utani, akanitazama mimi kwenye mashine, akamtazama yeye.

"Weye, si ulisema muntu hatakubeba mu bwato yako? Huyu ni nani?"

Mume wangu alikuwa anashuka, samaki kwenye bega lake la kulia. Hakugeuka.

"Huyu si muntu mwengine," akasema. "Huyu njo mukono yangu ya kushoto."

Nikainama nikajifanya natafuta viatu vyangu, na vilikuwa ukingoni.