Tulivyowapeleka Farasi wa Baba Johannesburg

Watu wa mtaa wa Mayfair bado wananiita binti wa farasi. Siku hizi naitika tu, maana nimechoka kueleza.

Baba alikuwa mtu wa Tanga, mtunza farasi katika shamba moja la jimbo la Free State, Afrika Kusini. Shamba lilipouzwa, mwenyewe alimwachia farasi wawili wazee. Baba akatangulia Johannesburg kuwatafutia banda, akafikia Mayfair kwa rafiki yake wa nyumbani. Huko akaugua. Alipiga simu akasema ni homa tu, tuwalete farasi taratibu, tusiwakimbize. Mama alikwisha kufa zamani, kwa hiyo tulitoka sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume.

Tungeweza kufika mapema. Lakini Baba alikuwa ametufundisha kwamba mkubwa haamkiwi kutoka juu ya mnyama. Kila alipoona mzee kando ya barabara, mdogo wangu alishuka, akavua kofia, akasema shikamoo. Wazee wa Kisotho wengine walicheka, wengine wakamshika mkono na kumwuliza habari za ukoo mzima. Mimi nilibaki juu ya tandiko nikiwaka. Nilimwambia hawa hawajui hata shikamoo ni nini. Akajibu kwamba yeye anajua.

Tukanuniana. Simu ilikuwa imekwisha chaji, na mtu mwingine wa kusema naye sikuwa naye. Sijaona upweke kama ule: uzio wa waya, mahindi makavu, na mgongo wa mdogo wangu mbele yangu.

Tuliingia Mayfair alasiri, magari yakitupigia honi kila kwenye roboti, kama wanavyoziita huku taa za barabarani. Rafiki wa Baba alikuwa amesimama mlangoni, kanzu yake ina udongo mwekundu pindoni. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Alisema walitupigia simu mpaka wakakata tamaa, na maiti hacheleweshwi. Walimswalia adhuhuri, wakamzika.

Mdogo wangu akauliza kama Baba alitutaja.

“Jana jioni aliuliza kama farasi wamekunywa maji,” alisema yule mzee.

Mdogo wangu akaomba ndoo, akatoka. Mimi nikaingizwa ndani kwa wanawake, wakanikumbatia mmoja mmoja huku wakilia. Walikuwa wamemjua Baba kwa wiki chache tu. Nilimtaka mtu mmoja aliyemjua kama nilivyomjua mimi, na huyo alikuwa nje na farasi, hataki hata nimsogelee.