Waziri Amesikia

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyomsindikiza Mama Idi Bungeni, hapa hapa London. Nilikuwa kijana bado, nimeacha shule darasa la saba, na kazi sikai nayo: leo nashusha mboga sokoni Walthamstow, kesho nafagia uwanja Wembley. Kiingereza nilikiokota njiani, nikajiona mkalimani.

Mama Idi, mtu wa Tanga, alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, na Kiingereza chake kiliishia kwenye chai na dawa. Mwanawe Idi alikuwa mahabusu mwaka mzima, akisubiri kesi ambayo tarehe yake ilisogezwa kila ilipokaribia. Mbunge wa eneo lao aliahidi kulisema jambo hilo Bungeni.

"Wewe uliyeikimbia shule ndiye wa kunitafsiria?" Mama Idi alinitania kwenye treni. "Haya, leo ndiyo mtihani wako."

Chumba chenyewe kilinichanganya. Nilitarajia wabunge mamia wakizomeana. Walikuwemo saba, mmoja akichezea simu. Mbunge wetu alisimama, akaeleza habari za Idi bila kumtaja jina. Kisha waziri akasimama na maneno marefu ya adabu: anamshukuru mheshimiwa, amesikia, ataandika. Mengine yalinipita.

"Anasemaje?" Mama Idi alininong'oneza.

"Waziri amesikia."

Wewe uliyezaliwa huku huenda usione kosa. Mama Idi alipomwambia mtoto "husikii?" hakuwa akiuliza habari za masikio. Kwake, aliyesikia amekubali. Alifumba macho, akasema, "Alhamdulillahi. Anatoka lini?"

Sikujua, na niliona haya kusema sijui. "Hivi karibuni, mama."

Tulipotoka, mbunge alimshika mkono pale mlangoni, akauliza kama kuna jambo hajalielewa. Nikatafsiri. Mama Idi akajibu hana swali, ana shukrani tu.

Wiki hiyo akafua mashuka ya Idi. Akaomba likizo kazini. Akampigia dada yake Tanga. Barua ya waziri ilipofika, alimpa jirani yake, muuguzi Mkenya, amsomee: waziri hana mamlaka juu ya tarehe za mahakama.

"Si ulisema amesikia?" aliniuliza.

"Alisikia, mama. Kwa masikio."

Aliikunja barua. "Ungesema hujui, ningemuuliza mbunge mwenyewe. Mtu alisimama akiningoja niulize." Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Idi aliachiwa na mahakama miezi mingi baadaye. Mpaka leo sielewi kama ni maneno ya mbunge yaliyosukuma kesi, au zamu yake ilifika tu. Nimewauliza watu wengi, maana kuuliza ndiyo kazi pekee niliyodumu nayo, na kila mmoja ana jibu lake.

Mwanangu, shida yako ikisemwa Bungeni, shukuru, ila usiondoke na shukrani peke yake. Uliza nani atafanya nini, na lini. Na ukifanywa mdomo wa mwenzako, pale usipoelewa sema hujaelewa. Aibu yako itakuwa ya dakika moja. Yeye ndiye atakayekaa miezi akingoja kitu ambacho hakuna aliyemwahidi.

Mungu akupe ujasiri wa kusema sijui, na kila utakaposema hivyo, akukutanishe na mtu anayejua.